Video Iliyokwama kwa Mtoto wa Tatu

Benchi lilikuwa mali ya Mama Pindo, ingawa yeye mwenyewe hakulikalia. Aliliweka barazani mwa duka lake la kushonea ili wateja wasubirie nguo. Wateja wakaishia kusimama, maana Breki, dereva mstaafu, na Kipaza, aliyewahi kutangaza minada, walishajimilikisha benchi hilo, wao na birika lao la kahawa. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Chaji, fundi simu wa duka la pili, ameshika simu ya Mama Pindo. Humo, katika video ya mtandaoni ya mkutano wa ukoo, marehemu shangazi yake Mama Pindo alikuwa akiwaeleza watoto wa babu mmoja mmoja: nani alikuwa mtu wa namna gani. Kila ilipofika kwa wa tatu, kiduara kilizunguka, video ikaganda. Wa nne ndiye baba yake Mama Pindo, aliyefariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Na binamu yake aliyeiweka video hiyo mtandaoni alishatuma habari: ukurasa unafungwa jioni hiyo, na nakala nyingine hana.

— Hiyo haihifadhiki, — alisema Breki. — Wenyewe wanasema video inatiririka. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hayajamwagika, yanatiririka, — alisema Kipaza. — Kinachotiririka kinakingwa. Tafuta ndoo.

— Ndoo gani?

— Simu nyingine. Unairekodi hii kwa ile.

— Nitakuwa nimehifadhi kelele zenu, — alisema Mama Pindo, macho kwenye cherehani. — Na itaganda palepale.

Chaji alikohoa kidogo.

— Video haiji nzima, mama. Inakuja vipande vipande, na kuna mwongozo unaosema kipi kitangulie. Kivinjari kinaonyesha kipande, kinakitupa. Nikipata anwani ya ule mwongozo naipa programu nyingine, inavivuta vyote polepole na kuviunga. Mtandao ukikatika, inasubiri, kisha inaendelea.

— Kumbe ni kushona.

— Kushona kabisa.

— Basi unga vizuri. Sitaki mkono ushonewe shingoni.

Kipaza hakuridhika.

— Video ni moja tu, iko huko juu kwenye setilaiti. Huyu akiishusha, ndugu walio ng'ambo wataona giza.

— Kwani wewe ukisikiliza redio, jirani hasikii? — aliuliza Breki.

— Redio ni redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Methali ndiyo mgeni. Imejijia yenyewe.

Breki aliinama kuangalia kioo cha simu, ambako Chaji alishaanza kuvuta vipande na mstari wa kuonyesha vimefika wapi ulikuwa umesimama.

— Mbona haisogei? Iinamishe kidogo, bwana mdogo. Hata dizeli ikikaribia kwisha, pipa linainamishwa.

— Mzee wangu, mtandao si dizeli.

— Vyote vinakuishia ukiwa mbali na nyumbani.

Chaji alicheka, lakini mkono wake ukainamisha simu. Mstari ukasogea. Breki alikunywa kahawa yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Miguu ya Mama Pindo ilikuwa imesimama juu ya pedali. Mstari ulipojaa, Chaji alizima data, akafunga kivinjari, akaligusa faili. Shangazi akatokea, akatengeneza mtandio, akaanza kusema. Chaji akaisimamisha video na kumpa Mama Pindo simu.

— Mtandao wote ukizimwa leo, huyu haendi popote.

Benchi zima likaanza kupongezana. Kipaza alidai wazo la ndoo ndilo lililofungua njia, Breki akasema bila kuinamisha wangekuwa bado wanatazama kiduara. Katikati ya ubishi akafika mwalimu aliyefuata sketi yake.

— Mmepata nini leo?

— Tumempata baba yake Mama Pindo, — alisema Kipaza.

— Hongera, dada. Alikuwa mtu wa namna gani?

Breki alichungulia kikombe chake. Chaji alimtazama Mama Pindo.

— Sijui, — alisema Mama Pindo. — Subiri kidogo, mwalimu. Na nyie wawili, nyamazeni.

Akabonyeza. Wa kwanza alikuwa mkali. Wa pili hakupenda maneno mengi. Wa tatu alipenda kuazima vitu, kuvirudisha hapana. Pale pa kuganda pakapita.

— Sasa wa nne, — alisema shangazi, tayari anatabasamu. — Huyo alichelewa kutembea. Kila mtu alitaka kumbeba.