Erasmo Ndunguru, Mshtakiwa Ambaye Hakuhukumiwa

Marehemu Erasmo Ndunguru alizaliwa hapa Maguu tarehe 14 Juni 1961. Alisoma hapahapa hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1976, kisha akashika shamba la kahawa la baba yake na kulilima maisha yake yote.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Ottilia, binti wa mvuvi wa Mbamba Bay. Ottilia anasema mumewe, mtu wa milimani, alikula usipa, dagaa wa ziwani, kila alipopikiwa, bila kusifu wala kubakiza.

Kamati ya mazishi ilishauri kesi yake isitajwe leo. Mjane alikataa, akaniambia: "Itajwe yote, mwenyekiti. Tukiificha, watasema tumekiri." Kwa hiyo inatajwa.

Agosti 2024 ghala la kahawa la jirani yake, Joakim Nchimbi, liliungua. Erasmo alikamatwa, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakigombania mpaka. Alipotoka kwa dhamana, mtu alimsimamisha njiani: "Shemeji, umemhonga nani?" Dhamana ni haki ya mshtakiwa. Maguu iliipokea kama ushahidi dhidi yake, na jumuiya ya kanisa ikaacha kusali nyumbani kwake.

Mahakamani Mbinga hakuwa na wakili. Joakim alipotoa ushahidi kuwa alimwona akichoma ghala, Erasmo alitumia haki yake ya kumhoji yeye mwenyewe.

"Alfajiri ile kulikuwa na ukungu, Joakim?"

"Mzito."

"Ulinionaje?"

"Nilijua tu ni wewe."

"Kujua nimekusikia, bwana. Nauliza kuona."

"Sasa wewe Erasmo, nani mwingine ananichukia?"

Watu walicheka. Hakimu akawanyamazisha.

Februari 2025 mahakama iliamua kwamba ana kesi ya kujibu. Maana yake ni kuwa sasa ilikuwa zamu yake kujitetea, basi. Kabla hajashuka kwenye gari lililomrudisha nyumbani, Maguu ilikwisha kutangaziana kuwa amepatikana na hatia.

Sheria ilimruhusu kukaa kimya. Alichagua kujitetea kwa kiapo, na siku ikapangwa, 24 Machi. Tarehe 9 Machi alianguka shambani. Alifariki hospitalini Mbinga tarehe 12. Tayari inasemwa kuwa ameikimbia hukumu. Daktari amesema ni kiharusi.

Mshtakiwa akifa, kesi yake huishia hapo. Mahakama haitasema alichoma, wala haitasema hakuchoma. Asiyetiwa hatiani hana hatia. Ndivyo sheria inavyomhesabu. Aliyechoma ghala hajulikani. Huenda amekula chakula cha msiba huu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Clemence, Hilda na Wendelin, na wajukuu watano. Mjane atatupa udongo kwanza, kisha watoto, kisha majirani. Joakim yupo, na ameambiwa kwamba zamu ya majirani inamhusu. Kila atakayeshika udongo ajue anamzika mtu asiye na hatia.

Mwenyezi Mungu ampe Erasmo pumziko la amani.