Maji ya Mjomba Kabla ya Safari ya Masomo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana wengine bado mnasukumana kwenye viti.

Mnanijua. Mimi ni yule kijana wa milimani aliyekuwa karani wa mkonge hapa Voi. Kila nikiona mkonge ule unapakiwa kwenye behewa kwenda nchi za watu, moyo wangu unakwenda nao. Nikasema lazima nisomee biashara ya nchi za nje, masomo ya juu kabisa! Bwana akafungua milango miwili. Chuo kimoja kilikuwa Uingereza. Wanunuzi wa mkonge wangenisomesha, kisha nibaki hukohuko kuwafanyia kazi. Kingine kilikuwa Uganda, kikifundisha biashara kati ya nchi zetu hizi jirani. Nikachagua Uingereza. Nani asingechagua? Jina peke yake lilinijaza kinywa.

Ndugu zangu, sikupata raha. Kifua kilinibana, chakula hakipiti. Daktari akanipima, hakuona kitu. Mama akasema ni mjomba, kaka yake, aliyenilea baba alipofariki. Ana kinyongo nami, na sisi Wataita hatusafiri tukiacha hasira moyoni mwa mzee. Mzee hupiga funda la pombe akalitema kama manyunyu, na hasira ikatoka nalo. Wenzangu wa ushirika wa maombi wakanikataza: mambo ya kale hayo, wewe umeokoka! Siku ya safari inakaribia, nami najiona nakufa.

Nikaomba, nikapanda mlima. Mjomba alikuwa ametayarisha kibuyu cha pombe. Nikamwambia ukweli, kwamba nimeokoka na mambo ya pombe siyawezi. Nilijua atanifukuza. Mzee akanitazama sana, kisha akamwaga chini pombe yote, pombe ya miwa iliyoiva vizuri, akateka maji. Akapiga funda, akatema, akasema, "Hasira yangu itoke. Mpwa wangu aende kwa amani."

Halafu akaniuliza neno moja tu.

"Kati ya shule hizo, ipi itakurudisha nyumbani?"

Nililia kama mtoto! Kumbe hakuwa na ugomvi na masomo yangu, alihofia kunipoteza. Palepale Bwana akanifungua kifua. Siku ile nilimaliza sufuria ya kimanga, muhogo wetu uliopondwa na maharagwe, mama yangu ni shahidi. Na Uganda nikaenda.

Leo mboga za milima yetu zinapanda gari moshi hadi Tanganyika, mimi ndiye ninayeziuza, na wakulima wanasomesha watoto. Asante, Yesu! Wewe unayesimama kwenye njia panda, mwamini Bwana. Atakuonyesha njia, hata kwa kinywa cha mtu usiyemtarajia.

Kesho nasafiri tena, kutafuta wanunuzi wa mbali zaidi. Yule mzee ambaye miaka yote alinisubiri nje ya lango la kanisa ndiye mjomba wangu. Leo ameingia, ameketi pale nyuma, na kibuyu chake magotini. Msishtuke, ndugu zangu. Ni maji.