Mistari ya Whitney Ilipoisha

Benchi letu liko mtaani Jericho, ubavuni mwa soko, pale Mumin anapoliweka birika lake la kahawa juu ya jiko la makaa kila alasiri. Wenyeji ni wale wale. Kuna Muindi, tunayemwita Dere, yaani dereva, kwa sababu aliendesha malori mpaka mgongo ukakataa. Kuna Kimanzi, au Vinyago, anayechonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii na hawezi kukaa bila kisu na kipande cha mti mkononi. Kuna Nahashon, Kaunsa, karani mstaafu wa baraza la jiji na jirani yangu ukuta kwa ukuta. Halafu mimi, ambaye kazi yangu pale ni kusikiliza. Siku nyingine tunabishana kuhusu mpira na wanasiasa. Alhamisi hiyo tulibishana kuhusu mwanamke wa Kimarekani ambaye hajawahi kuzaliwa, na hakuna aliyecheka.

Mwanamke huyo anaitwa Verna. Yumo katika mchezo wa kuigiza ambao kikundi cha vijana kilionyesha Jumapili kwenye ukumbi wa mtaa, mchezo wa siku hizi kutoka Marekani. Ni watu wawili tu jukwaani: fundi wa friji na mkewe, katika nyumba iliyo peke yake katikati ya mashamba ya mahindi. Sehemu ya kwanza wanaongea wote. Sehemu ya pili mume anaongea, na Verna hasemi kitu mpaka taa zinazimwa. Aliyeigiza Verna ni Whitney, binti ya Nahashon. Aliigiza mpaka watu wakasahau kukohoa. Tulipiga makofi, tukaenda zetu. Tangu jioni hiyo Whitney alikuwa hajatamka neno.

Alikula, alifua, ukimsalimia alitabasamu. Daktari alimulika koo lake, akasema halina kitu. Mchungaji aliomba, akarudi kesho yake akaomba tena. Ndipo Nahashon akaja kwetu.

— Wasee, nyinyi mlikuwa pale, alisema, akipokea kikombe cha kahawa. Hebu niambieni, yule Verna alinyamaza kwa nini? Nikijua ya Verna, labda nitajua ya mtoto wangu.

Muindi ndiye aliyeanza.

— Huyo alichoka tu, Kaunsa. Si uliona ile nyumba? Hakuna jirani, hakuna kiosk, hakuna mtu wa kuomba chumvi. Watu wa huko ndio hadithi zao hizo, mtu na upweke wake. Maneno yanamwishia mtu vile mafuta huisha kwa gari.

— Lakini Whitney hakai huko mashambani, Nahashon akasema. Anakaa Jericho. Ukipiga chafya hapa, mtu wa nyumba ya tatu anakuambia pole.

Kimanzi hakuinua macho kutoka kwa kipande chake cha mti.

— Hakuchoka. Alikufa.

— Nani alikufa?

— Verna. Alikufa pale kati, tulipotoka kununua soda. Kumbukeni vizuri, manze. Sehemu ya pili hashiki kitu. Kikombe anawekewa, hanywi. Mlango anafunguliwa. Mume anaongea na marehemu, na mwandishi amekaa kimya, anakuachia ujionee mwenyewe.

— Lakini Whitney anakula, nikasema.

— Wewe umemwona akimeza?

Nilikuwa nimemwona na sahani. Kumeza, sikuwa na hakika.

Mumin huwa haingilii maneno ya wateja. Siku hiyo alishikilia birika hewani bila kumimina.

— Mimi naona mmegeuza, alisema. Aliyekufa ni yule mume. Anaongea, anaongea, na mke hamjibu kwa sababu hamsikii. Mama wa watu yuko peke yake kwa hiyo nyumba, anaangalia kiti kitupu. Ni sisi tu tunaomwona mume.

Nahashon aliweka kikombe chini polepole.

— Kwa hivyo mimi ndiye nimekufa, Mumin?

— Sijasema hivyo, mzee wangu.

— Lakini ndivyo ulivyosema.

Muindi alimshika goti kama anayetania, ila mkono wake ulikaa pale kuliko utani unavyotaka.

— Uko, Kaunsa, alisema. Uko moto kabisa.

Tulivuta pumzi. Nilifikiri yameisha, lakini Muindi mwenyewe ndiye aliyeinama mbele na kushusha sauti.

— Sikieni. Hii michezo ya kisasa ya Marekani haifungwi. Inakatika tu, hujui nani amebaki ndani na nani ametoka. Sasa huyo Verna amekaa kwa hiyo nyumba miaka, anatamani kutoka. Anakuja msichana, anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, mpaka anapumua kama yeye. Taa zinazimwa. Zikiwaka, mmoja anasimama mbele ya watu anapigiwa makofi. Ni yupi?

— Wacha hayo, Dere, nikasema.

— Nauliza tu. Yule yuko kwa nyumba ya Kaunsa ni nani?

Kisu cha Kimanzi kilisimama. Nahashon alijifuta uso na kiganja.

— Jana alinipa chai bila sukari, alisema, kama mtu anayeongea peke yake. Whitney anajua mimi huweka nyingi.

Tulikuwa tumeanza kumwogopa msichana tuliyemwona akijifunza kutembea.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu na mzigo wa mitumba kutoka soko la Gikomba, akingojea kahawa yake. Alikuwa mgeni, amepanga chumba karibu na kanisa wiki ile ile. Baadaye tulijua anaitwa Kanyiva.

— Samahani wazee, nimewasikia, alisema. Huyo Verna, kabla hajanyamaza, neno lake la mwisho lilikuwa gani?

Nahashon alijibu hata kabla mwanamke hajamaliza kuuliza.

— "Usizime taa ya nje, kuna mtu bado hajafika."

— Na huyu wako? Si Verna, Whitney mwenyewe. Neno lake la mwisho lilikuwa gani?

— Jumapili asubuhi aliniambia... Hapana, hiyo ni ya Verna. Jumamosi alisema baridi ya huku inaingia mpaka kwa mifupa... Hiyo pia ni ya Verna.

— Na wiki ile nyingine?

Hapo Nahashon akatuambia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua, hata mimi ninayesikia kijiko kikianguka kwake. Tangu wamzike Apondi, mkewe, yeye na Whitney walishindwa kuongea. Kila mmoja alimchunga mwenzake asilie, na mezani kukabaki sauti ya sahani. Whitney alipopata nafasi ya kumwigiza Verna, alimwomba babake amsaidie kukariri, asome maneno ya mume. Walianza jioni. Kisha asubuhi, wakinywa chai. Kisha wakiosha vyombo. Mimi niliwasikia ukutani wakijibizana, wakati mwingine wakicheka, nikamshukuru Mungu kwamba nyumba ile imepona.

— Tulikuwa tunaongea vizuri, Nahashon alisema. Miezi yote hiyo. Vizuri sana.

— Mlikuwa mnaongea nini? Kanyiva akauliza.

— Mistari ya mchezo.

Aliinuka, akaacha kahawa yake nusu, akaenda nyumbani bila kutuaga.

Jioni hiyo nilikaa karibu na ukuta. Sioni haya kusema. Nilimsikia akianza, akinyamaza, akianza tena, kama mtu anayejifunza lugha ya watu. Alimwambia Whitney kwamba leo jua lilikuwa kali. Kwamba sokoni ameona kitambaa kama kile cha mama yake. Kwamba bado hulala pembeni, upande wa mama yake wa kitanda ameuacha vile vile. Akaishia hapo.

Halafu sauti ya mwanamke ikamjibu, ya chini, bila haraka. Maneno sikuyashika. Sauti niliijua. Niliondoka pale nikaenda kuwasha redio. Sikumwambia mtu.

Jumamosi walipita benchini pamoja. Nahashon alibeba kikapu cha sukuma wiki na dagaa wa omena, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi mzuri. Whitney alisimama mbele yetu, mkono kiunoni.

— Hamjambo wazee? Kwani nyinyi hamna makwenu?

Ilikuwa sauti ya Apondi, ile niliyoisikia ukutani, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa neno. Nilijiambia watoto hufanana na mama zao. Lakini Kimanzi alikuwa ameinamisha kichwa, Muindi ameng'ang'ania ubao wa benchi, na Mumin alikuwa akimimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa zamani. Nahashon alitutazama mmoja mmoja akitabasamu, akingoja, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba wengine pia wamesikia.

Hatukuweza kumwambia hivyo. Kanyiva, ambaye hakuwahi kumjua Apondi, ndiye peke yake aliyeitikia.

— Hatujambo, dada. Karibu ukae.