Mshipi wa Pili wa Apolonija Gudelienė

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, Apolonija Gudelienė, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji hiki cha Paversmė, akasoma hapa hapa kuanzia 1948 hadi 1955, kisha akaajiriwa kwenye shamba la ushirika, idara ya kitani, alikodumu miaka thelathini na sita hadi shamba lilipovunjwa mwaka 1991.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Pranciškus, dereva wa trekta, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Danguolė, 1964, na mimi, 1968.

Ufundi wake mnaujua, maana nusu yenu mlifungwa mishipi yake siku ya harusi: alikaa na nyuzi za mtande, zile za urefu wa mshipi, zimefungwa kiunoni mwake na kwenye kitasa cha mlango, akizungusha vibao ishirini na vinne vyenye matundu ya kupitishia nyuzi hizo, na kila mzunguko uliofuma mshipi mbele ulisokota pia nyuzi zilizobaki nyuma ya vibao, hadi zikakaza, ikabidi vibao vizungushwe kinyume ili zifunguke. Mama hakupenda kugeuza, kwa sababu ua la urembo hugeuka pale na watu wanaona, na kwa ubishi, tuseme ukweli, hakuwa na mpinzani.

Kwa harusi ya Danguolė, 22 Agosti 1987, alisonga mbele tu mita tano nzima bila kugeuza, dada akimshikia nyuzi upande wa mlangoni, na mshipi ulipofunguliwa mbele ya wageni ukajikunja kama mkia wa nguruwe, wakacheka, naye akamgeukia bibi harusi akasema, "Mkono wako mlegevu, wewe, usiguse tena vibao vyangu." Dada hakuvigusa miaka thelathini na miwili, wala hatukulitaja mezani, na jambo hilo liliniuma.

Mwezi Februari 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaanza kufuma mishipi miwili ya kushushia jeneza lake, akamaliza mmoja, na tarehe 2 Oktoba akalazwa hospitali. Siku nne baadaye alimwita Danguolė akamwambia, "Siku ile nyuzi zilipogoma nililegeza kiuno mimi, mwanangu, si wewe. Nenda kamalizie ule wa pili. Zimeshakaza, usishindane nazo, rudisha nyuma."

"Itaonekana, mama."

"Acha ionekane."

Alifariki tarehe 9 Oktoba, saa moja asubuhi, na Danguolė alifuma siku mbili mfululizo, akaukata jana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viazi vya kuoka na kutupasulia kuni, na wenzake wa idara ya kitani waliokesha wakiimba. Wabebaji, kwenye mshipi wa kulia mtaona ua limegeuka ghafla, msidhani ni kosa, hapo ndipo mkono wa mama ulipoishia na wa dada ukaanza.

Mshipi umenyooka, mama. Pumzika.