Timu Ikipoteza, Mie Njo Napigwa

Siku ile kwa paseli, boma ya nyumba ya prezida wa timu, mu Nyalukemba, mutaa wa Bukavu, kulikuwa hawa watu. Prezida mwenyewe, Papa Ntaboba, muuzaji wa vitambaa, mu suti yake ya abakosi ya rangi ya majivu. Bibi yake, Maman Nsimire, mwenye alinizidi myaka kumi na alikuwa ananiita mutoto yake. Antrenere, mufundishaji wa timu, Papa Safari, mwalimu wa jimnastiki, ndugu mudogo wa Maman Nsimire. Bisimwa, muchezaji numero nane, rafiki wa bwana wangu toka utoto na baba wa ubatizo wa mutoto wetu wa pili. Muzee Kajangu, muganga wa kienyeji wa timu, yeye hakukuwa na jamaa na mutu hata mumoja pale, aliletwa na hamu ya kushinda tu. Bwana wangu, numero sita. Na mie, na mutoto wangu Amani ku mugongo. Nabintu, mutoto wangu wa kwanza, nilimuacha kwa jirani, Maman Faida.

Jina ya bwana wangu wengi munaijua. Sitaitaja. Yeye iko udongoni na hawezi kujibu.

Ndugu zangu wa hii kundi yetu ya wamama ya siku ya ine, nimesoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, shule ya musingi. Nimeandika polepole, juma nzima, ju nikisema bila karatasi nitalia na hamutasikia kitu. Tulipatana kila mutu aeleze vile alianguka na vile alisimama. Ya kwangu inaanza na mupira. Muvumilie.

Bwana wangu alikuwa anachukua magunia mu depo ya chai. Siku ya mungu alikuwa anacheza katikati ya uwanja, division ya pili, timu ya mutaa. Wakati ule inchi ilikuwa Zaïre, tulikuwa tunaitana citoyen na citoyenne, ni kusema raia, lakini yeye watu walikuwa wanamuita Mashini. Mupira ukimufikia, hakuushika muda. Aliutuma kule hakuna mutu, na ukigeuza macho unaona Bisimwa amekwisha kufika pale. Mie kijana nilipenda ile. Niliolewa na ile.

Halafu wakaenda kucheza kule Kamituga.

Bisimwa njo alinielezea, ju mie nilibaki na mimba. Anasema watu wa kule walisimama ku musitari na fimbo. Kulikuwa muchezaji wao mumoja mukubwa, jina yake sijapata kuijua mpaka leo. Aliruka na goti, na goti ikaingia hapa, kati ya jicho na sikio. Bwana wangu akaanguka. Damu ikajaa mu jicho. Papa Safari alitaka kumutoa. Muzee Kajangu akakataa, akatafuna mizizi yake, akamutemea ndani ya ile jicho, akasema: "Simama, mwanaume." Akasimama. Kiisha dakika kidogo, alimuingilia yule mukubwa na miguu mbili. Bisimwa anasema mufupa wa mutu unalia kama kuni kavu. Watu wakavamia uwanja. Wachezaji wetu walikimbilia kamyo, mawe yanaanguka juu yao, shofere akaendesha na kichwa yenye kupasuka. Walishinda moja kwa zero.

Walirudi wanaimba. Wakamubeba bwana wangu mpaka ku mulango. Jicho ilikuwa nyekundu, nikamukanda na maji ya chumvi. Tulicheka sana siku ile. Nawaambia hii mujue kama nilicheka.

Kutoka pale timu ikaanza kupoteza. Mipira inapita katikati kama mulango wazi. Wakamuuliza Muzee Kajangu. Yeye akatikisa chupa yake, akasema: "Kuna bibi mwenye amevuka viatu vya bwana yake. Bibi wa numero sita."

Munajua vile ilikuwa. Siku tatu mbele ya mechi wachezaji wanalala kambi, hawaoni bibi zao. Na viatu vya mechi, mwanamuke asivivuke na muguu, ni mukosi. Sasa mie njo nilikuwa navifua. Nilikuwa naviweka vikauke ku kizingiti, ju njo kulikuwa jua. Na kila asubui natoka pale na bidon ya maji ku kichwa, mutoto ku mugongo, nani anaangalia chini? Sijui kama nilivuka. Njo ubaya wake, wamama. Sikuweza kuapa kama sikuvuka.

Alinipiga na kiatu chenyewe, upande wa chini wenye meno. Alama tatu ziko hapa ku bega. Alikuwa ananipiga na anauliza: "Mara ngapi? Ulivuka mara ngapi?" Na mie, ju ya kumaliza, nikasema mara mbili. Nilijipa kosa mwenyewe.

Kutoka pale ikakuwa desturi. Wakishinda, analeta nyama. Wakipoteza, mukanda, ngumi, siku moja mupini wa jembe. Nikaanza kupanda kilima nyuma ya uwanja na kibeseni ya ndizi, kama mutu anayeuza, nijue mbele ya wakati. Wakipoteza nashuka mbio, napeleka watoto kwa Maman Faida, naficha mutwangio, navaa vitenge viwili ju mukanda usifike ku ngozi. Maman Faida alikuwa ananiuliza juu ya ukuta: "Ngapi leo?" Namujibu: "Mbili kwa moja." Anasema: "Lete watoto."

Ndugu zangu, musicheke, ao mucheke tu: mu Bukavu nzima hakukuwa mwanamuke mwenye anajua mupira kama mie. Nilikuwa nauangalia kama mutu anaangalia wingu na nguo zake ziko inje.

Sasa ninafika kwa anguko langu, ju kupigwa si anguko. Siku moja timu ilitoka sare. Sare sikujua inalipwa namna gani. Nilikaa nangoja, nimevaa vitenge viwili, naunga sombe, zile majani ya muhogo. Bwana wangu akaingia, akasukuma meza, akatoka kwenda kunywa. Nabintu akakuja karibu na moto. Alikuwa na myaka sita. Akaniuliza na sauti ya kawaida, vile mutoto anauliza tutakula nini: "Maman, leo utapigwa ao hapana?"

Nilikuwa na mwiko. Nilimupiga ku kichwa, akaweka mukono, nikapiga mukono. Sikuacha. Maman Faida aliruka ukuta akaninyanganya mwiko, akanisukuma nikaanguka, akasema: "Weye pia?" Kidole ya katikati ya Nabintu ilivunjika. Hakulia. Aliingia chini ya kitanda. Na kutoka siku ile, akisikia tu firimbi ya polisi ku barabara, kama ile ya mwisho wa mechi, anaingia chini ya kitanda.

Kumupiga Nabintu haikukuwa mara moja. Ilikuwa mara tatu. Naandika tatu.

Sasa musikie vile nilijua. Siku moja nilimuwekea bwana wangu bugali, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, upande wa kushoto wa sahani. Akakula bugali kavu. Akasema: "Mboga iko wapi?" Nikazani anatafuta sababu. Nikaonyesha na kidole. Akanipiga kofi, akasema namucheka. Lakini niliona. Aligeuza kichwa nzima, kama kuku, njo akaziona. Nikakumbuka kilima. Mipira yote ilikuwa inapotea upande mumoja.

Nikamuambia kinyenyekevu: "Baba Nabintu, jicho yako ya kushoto haioni."

Alinishika shingo, akanibandika ku ukuta. Hakupiga kelele. "Najua. Unazani sijui? Ukisema ile neno kwa mutu, nakuzika mu ile shimo ya takataka. Bila mupira mie ni nani? Ni mubeba magunia."

Basi nikanyamaza. Yeye alijua kama si viatu, na aliendelea kunipiga kwa sababu ya viatu.

Pamoja na kupoteza kule pointi zilitosha, ikafika mechi ya kupanda division ya kwanza, na wale wa Kamanyola. Njo komite ikatuita ile siku ya kwa prezida. Prezida Ntaboba alikaa ku kiti yake, Maman Nsimire akapitisha kapo ya machungwa. Muzee Kajangu hakukula. Akasema: "Mie sitafanya kazi na huyu bibi mu nyumba ya muchezaji. Aondoke leo kwao. Watoto wabaki kwa baba."

Prezida akamuangalia bwana wangu: "Citoyen, unasema nini?"

Bwana wangu akaangalia chini ku sima, saruji ya nyumba. "Komite ikisema, nitatii."

Kuondoka hakukuniogopesha. Lakini Nabintu kubaki peke yake mu ile nyumba, siku ya kupoteza, na mie siko pale nipigwe pahali pake? Shimo ya takataka ikakuwa kitu kidogo.

Nikainama, nikakamata chungwa. Bwana wangu alikuwa amekaa, upande wake wa kushoto unaniangalia. Nikamurushia na nguvu yangu yote. Ilimupiga ku shavu. Hakufunga jicho. Hakutikisika kabla imufikie, hata kidogo. Nikazunguka nyuma ya kiti ya prezida, mutu anasema "weye mama, una wazimu?", nikarusha ingine upande wa kuume. Akaidaka na mukono moja bila kugeuza kichwa, vile Mashini alikuwa anapokea mupira.

Nikasema: "Njo huyu muchawi munatafuta. Upande wa kushoto haoni. Toka Kamituga."

Akasimama, akanipiga ngumi. Meno mbili za mbele zilibaki ku sima ya prezida. Nilianguka na magoti ju nisianguke juu ya Amani. Akarudisha muguu anipige tena, lakini Bisimwa alimukamata shingo, wakaanguka wote wawili juu ya kapo, na Papa Safari akakaa juu ya miguu yake. Ilikuwa mara ya kwanza watu wanaona kwa macho yao.

Papa Safari akamuuliza pale pale chini: "Ni kweli?"

Bisimwa akamuwekea kidole mbele ya ile jicho. Haikucheza.

"Ndugu yangu," Bisimwa akasema, "na mie nilizani umeanza kunichukia. Hukunipa mupira mwaka nzima."

Muzee Kajangu akakohoa. Akasema: "Hata jicho, ni huyu bibi ameifunga."

Maman Nsimire alikuwa ananipangusa damu na kitenge chake. Hakugeuka. "Muzee, ile jicho ilipigwa na goti ya mwanaume, na weye njo uliitemea mate yako. Kamata chupa yako uende, mbele nikutafutie mutwangio."

Muzee akaangalia prezida. Prezida akaangalia mulango. Muzee akaenda.

Mie na watoto tulilala kwa Maman Nsimire. Mechi ya Kamanyola ilichezwa bila bwana wangu, wakafungwa tatu. Kesho yake akafika ku mulango wa paseli. Maman Nsimire alimuzuia na mwili wake. "Wamepoteza tatu," akamuambia, "na huyu alikuwa hapa kwangu ananimenyea ndizi. Sasa utamupigia nini?" Akarudi kwake.

Wamama, nilizani nimepona. Lakini kiisha juma moja firimbi ya polisi ikalia ku barabara, na Nabintu akaingia chini ya kitanda ya Maman Nsimire. Nikamuita, hakutoka. Nikalala ku tumbo, nikaingia na mie. Kulikuwa vumbi na viatu vya zamani. Akaniuliza: "Maman, na weye unajificha? Nani anakuja?" Na nikaona kama mutu mwenye alikuwa anakuja, kwa yeye, ni mie. Nikamuambia hivyo. Nikamuambia: "Ni mie nilivunja kidole yako, na weye hukufanya kitu." Akasema ndiyo. Ndiyo tu. Pale njo nilisimama, chini ya kitanda.

Sitawadanganya kama bwana wangu alikuwa malaika. Alikuja kuniomba kiisha miezi mitatu, na Bisimwa pamoja na wajomba wake. Komite ikasema mbele yao, watoto ni wa kukaa na mama yao. Nikarudi. Alinipiga mara moja tena. Siku ile ile nilikamata watoto, tukapanda kamyo mpaka kwa kaka yangu Kamanyola, tukakaa kule kiangazi nzima. Alitufuata. Hakurudilia kunipiga, mpaka kufa. Alibeba magunia myaka mingi, na hakukwenda tena ku uwanja, hata kuangalia. Watoto wangu walikuwa pamoja nami siku zote.

Ninashukuru Maman Nsimire, mwenye aliweka mwili wake mu mulango. Ninashukuru Maman Faida, mwenye aliruka ukuta, na mwenye aliniuliza "weye pia?" Bisimwa na Papa Safari, Mungu awapumuzishe. Mwenye anapigwa na iko hapa, nasema hivi: usikubali kosa ju ya kumaliza kipigo. Haikimalizi. Na ukirudi nyumbani, angalia mukono yako unakamata nini, ju kuna mudogo kuliko weye karibu na moto.

Mie ni muzee sasa. Kama nimekosea mahali, mutu wa wakati ule, ao mwenye atasoma hii karatasi nyuma yangu, anirekebishe, sitakasirika. Nabintu, mutoto wangu, uko umekaa pale nyuma na watoto wako wakubwa. Hii habari hujaisema hata siku moja. Nimeandika nilikupiga mara tatu. Kama ilikuwa zaidi, simama, sema hesabu yako mbele ya hawa wamama. Mie nakaa chini, nasikia.