Siku Jaji Mukhwana Alipostaafu

Hapa Huruma, benchi letu liko kando ya kibanda cha Okumu wa kahawa, na sioni haya kusema sisi tulikuwa mashabiki wa Jaji Mukhwana. Kesi ya mahindi, kesi ya bwawa, kesi ya waziri: tulifunga kazi, tukaenda kortini, tukajaza viti vya nyuma. Leo gazeti limesema ametimiza miaka sabini, amestaafu. Haki ya Mungu, hata kahawa haishuki.

Korti, fundi viatu tuliyempa jina hilo kwa sababu hakukosa kesi kubwa hata moja, ndiye alianza.

— Miaka sabini gani? Ametolewa huyo! Ufunge waziri halafu wakuache?

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, akasema Profesa, fundi wa kuchomelea mageti.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Jaji ako na daftari, majina ya wezi wote wa hii nchi. Ndio wanamtoa mbio.

— Daftari ni kitu kidogo, Korti akadakia. Mimi nasikia amefichwa Kaptagat, anafunzwa mbio na wanariadha, ndio hao watu wakimfuata asishikwe.

Siku nyingine tungecheka.

Hapo Mama Chelimo akatokea, faili kifuani. Tunamjua. Miaka mitatu amekuwa akitoka Burnt Forest kuja kukaa mwisho wa kiti chetu kortini. Tulikuwa tunamsongea apate nafasi, tunamnong'onezea yupi ni waziri, yupi ni wakili. Tulidhani ni shabiki kama sisi.

— Karibu kahawa, Mama, nikamwambia. Umesikia jaji wetu ameenda?

— Natoka kortini sasa hivi.

Hakukaa.

— Kesi ya msichana wangu ilikuwa inaitwa mwisho, nyinyi mkishaenda zenu. Nilisema yote. Vile nilifungua mlango, vile nilimpata Chelimo sakafuni, ameuawa. Jaji aliweka kalamu chini, akaningoja nilie nimalize. Walibaki mashahidi wawili tu. Sasa karani anasema jaji mpya anaweza kutaka tuanze upya.

— Woi, pole Mama, Korti akasema.

— Nyinyi mnajua korti. Niambieni. Nitafungua ule mlango tena?

Niliona aibu, nikaangalia viatu vyangu. Okumu alishika birika, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.