Nilizamishwa Nikiwa Mkavu

Ndugu zangu, asifiwe Mungu anayeweza kumzamisha mtu bila kumlowesha kidole. Msicheke, nitafika huko.

Nilikuwaga mzamiaji. Injini ya boti ikianguka ziwani, naitwa mimi. Hewa nilivuta kwa mpira mrefu kutoka kwenye kompresa ya kujazia matairi, iliyokaa mtumbwini. Samaki wote wa kisiwa cha Rukuba walinijua kwa jina. Sato walinipisha njia.

Siku hiyo nilishinda kilindini nikitafuta injini. Nilipoipata nikaifunga kamba, nikapanda kwa furaha kama kizibo cha soda. Kufika ufukweni, magoti yakauma, kisha miguu ikafa ganzi. Hata kusimama sikuweza.

Sisi wazamiaji tuna desturi: aliyekamatwa hivyo anarudishwa chini mpaka maumivu yaachie. Mwenzangu Magesa akawasha kompresa. "Dawa ya ziwa ni ziwa, kaka. Shika mpira."

Mke wangu Nyangeta akaukalia ule mpira. "Kusimama hawezi, mnamtupa majini? Magesa, huyu akifa, watoto wake utawalisha wewe."

Magesa akawatazama watoto wetu, ambao ni shule ya msingi nzima, akazima kompresa.

Daktari wa Musoma akanieleza: huko chini hewa iliingia kwenye damu, na kwa kupanda haraka ikatoa mapovu. Mimi wa kidato cha nne cha masomo ya jioni nikaelewa kuliko yeye. Akapiga simu upande wa Mwanza, kwenye kambi ya wazamiaji wa ujenzi. Nikapitishwa Bunda nikivuta oksijeni, Nyangeta akiomba kwa sauti iliyoshinda king'ora.

Kule kambini wakanifungia ndani ya pipa kubwa la chuma, wakasukuma hewa mpaka masikio yakaziba kama niko kilindini. Ndugu zangu, nilizamishwa nikiwa mkavu. Kisha fundi akaanza kunipandisha, yaani kuipunguza ile hewa, taratibu kuliko kinyonga.

Nikamwita kwa spika, "Kijana, si tutoke?"

"Haraka ndiyo imekuleta hapa, mzee. Tulia."

Nikatulia, nikaomba. Kabla mlango haujafunguliwa, kidole gumba cha mguu kikacheza. Nililia hadi barakoa ya oksijeni ikajaa.

Nilirudishwa humo tena na tena. Na leo nimetembea kwa miguu yangu kutoka Kitaji mpaka hapa kanisani Bweri. Nyangeta analalamika namwacha nyuma.

Wewe uliye kilindini, mkabidhi Bwana kamba. Anapandisha polepole, lakini anafikisha.

Magesa, nakuona hapo mlangoni. Njoo mbele, kaka. Taratibu tu.